Kisiwa cha Rubondo: Hazina Isiyochimbwa

Ukimwuliza mtu wa Geita utajiri wa nchi yake uko wapi, atakuonyesha ardhi aliyoikanyaga. Ukimwuliza mtu wa Shinyanga, atakutajia Mwadui, mahali ambapo Dakta John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Ni wachache watakaonyosha kidole kuelekea ziwani. Lakini huko ndiko kiliko kisiwa cha Rubondo, penye hazina isiyohitaji sururu wala baruti.

Zamani msafiri aliyetoka Shinyanga alilazimika kungoja kivuko pale Kigongo, pengine tangu asubuhi hata jua likageuka. Tangu mwaka 2025 liko daraja, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, liungalo Kigongo na Busisi. Ukishavuka utapita Sengerema, Geita na Katoro, na kila penye wachimbaji wadogo utasikia mlio wa makarasha yakisaga mawe ya dhahabu. Ukifika Muganza, wilayani Chato, unaiaga nchi kavu na kupanda mashua ya injini. Haupiti muda mrefu, kelele za makarasha zimekwisha masikioni, na mbele yako hakuna kitu ila msitu uliosimama juu ya maji.

Rubondo ilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na mwaka 1977 ikawa Hifadhi ya Taifa. Nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 240, na sehemu kubwa ni msitu mnene. Hakuna simba wala chui. Kwa sababu hiyo mgeni huweza kutembea kwa miguu, akiongozwa na askari wa hifadhi. Kando ya maji wako viboko na mamba, na juu ya miti furukombe huita tangu alfajiri. Katika mafunjo hujificha nzohe, mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu zilizoumbwa kwa ajili ya kukanyaga matope.

Lakini ajabu kubwa ya Rubondo ni sokwe wake. Hawa hawakuwa wenyeji wa kisiwa hicho. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, Ujerumani, na wenzake walileta sokwe wapatao 17 kutoka Ulaya. Wengi wao walikuwa wamekamatwa wangali wachanga katika misitu ya Afrika, wakauzwa, wakakaa miaka mingi katika vizimba. Walisafirishwa kwa meli, wakafunguliwa milango, wakaachwa msituni bila ya kufundishwa. Watu wengi wangalidhani kwamba viumbe waliozoea kulishwa kwa mkono wa mtu wangekufa kwa njaa. Sivyo ilivyokuwa. Walijifunza kutafuta matunda, kujenga matandiko yao mitini, na kuzaa. Leo wajukuu na vitukuu vyao huishi msituni kama sokwe wa porini wafanyavyo.

Yafaa tukumbuke jambo moja. Mwaka ule ule wa 1966, sokwe wa kwanza walipotua Rubondo, mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa. Ilipita zaidi ya miaka 30 kabla ya mgodi mkubwa wa sasa kuanza kazi, mwaka 2000. Dhahabu ina desturi hiyo: huja na watu wengi, na ikiisha huacha shimo. Msitu ukitunzwa hauishi.

Hata hivyo, isisemwe kwamba hazina hii ilipatikana bure. Walikuwapo wavuvi walioishi kisiwani, nao walihamishwa katika miaka ya 1960 ili kuwapisha wanyama. Nilipomwamkia mzee mmoja mvuvi katika kijiji cha pwani ya pili, alinijibu, akakitazama kisiwa kwa kitambo, kisha akasema: “Mwanangu, wazee wetu walizikwa kule. Wageni wanapita hapa kwenda kutazama nyani. Wajukuu zangu hawajafika hata siku moja.”

Neno la mzee huyu ni zito kuliko takwimu zote. Mwezi wa Septemba mwaka 1961, pale Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba wanyama wetu ni dhamana tuliyopaswa kuwatunzia wajukuu wa watoto wetu. Basi, ikiwa watoto wenyewe hawakioni kile wanachotunziwa, watakilinda kwa moyo gani? Katika ghuba za Rubondo samaki huzaliana bila kuvuliwa, kisha huenea nje na kuingia katika nyavu za vijiji vya jirani. Mvuvi anayeijua habari hii hatapenyeza kokoro usiku ndani ya mipaka ya hifadhi. Asiyeijua ataiona hifadhi kuwa ni ukuta tu, uliojengwa kumzuia.

Kwa hiyo shule za Geita, Chato, Kahama na Shinyanga zipange safari za Rubondo, na halmashauri pamoja na hifadhi zizifanye ziwe nafuu. Wachimbaji nao, wapatapo riziki, waweke akiba ya kuwapeleka watoto wao. Na wajukuu wa wale waliohamishwa wawe wa kwanza kupanda mashua.