Jalidi ikiwahi: viazi vya vinyungu vinajiteteaje?



Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni simu zinaanza kuingia, nyingi kutoka Makete, Njombe na kule juu Mufindi. Swali karibu ni lile lile: "Afisa, jana jioni viazi vilikuwa kijani, leo vimeungua vyote. Nipulizie dawa gani?" Jibu fupi: hakuna dawa ya jalidi. Jibu refu ndilo la leo, maana kati ya hao wanaopiga simu wapo waliong'oa shamba ambalo lingechipua lenyewe ndani ya wiki mbili.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Wengi tunasema "barafu imepiga". Mimi nitasema jalidi, yaani ule unga mweupe unaoukuta kwenye nyasi alfajiri. Haudondoki kutoka juu kama mvua. Unajitengeneza pale pale kwenye jani, na unajitengeneza kwa sababu jani limepoteza joto lake usiku.

Mchana udongo na mimea hupokea joto la jua, usiku vinalirudisha angani. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo inarudishwa chini, ni kama umejifunika blanketi. Anga ikiwa safi, nyota zinaonekana zote na upepo umetulia, joto linapotea moja kwa moja. Ndiyo maana usiku wa hatari sio ule wenye mvua na ukungu unaotetemesha meno. Ni ule mzuri kabisa, kimya, wenye nyota. Wenzetu wa Kinangop kule Kenya jalidi huwapiga hata Januari na Februari, miezi ya jua kali mchana, na Januari 2012 iliunguza mashamba ya chai Kericho na Nandi. Kwa hiyo usiangalie kalenda peke yake, angalia anga.

Sasa kuna jambo la pili ambalo ndilo linaumiza mfuko. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Usiku inateremka polepole kutoka mlimani kama maji, inaenda kukusanyika bondeni. Na bondeni ndiko kuna vinyungu vyetu! Unalima kiangazi kwa sababu bondeni kuna unyevu, na kwa sababu viazi vya kiangazi vina bei nzuri wakati wa mvua kila mtu anacho. Kwa hiyo sehemu yenye hela ndiyo hiyo hiyo yenye jalidi. Aliyelima mita chache juu kwenye mteremko anaweza kuamka shamba lake zima, wewe wa chini umeungua. Sio uchawi, wala jirani hajakufanyia kitu. (Na tukiwa hapo hapo bondeni: sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Kaa mbali na maji, na kidogo jalidi itakuhurumia.)

Kama unafuata utabiri kwenye simu, jua kwamba joto la vituo vya hali ya hewa hupimwa karibu mita moja na nusu juu ya ardhi. Kwenye usawa wa majani, usiku wa anga safi, huwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Simu ikisema nyuzi 3, kwako bondeni inaweza kuwa sifuri au chini yake. Kipimajoto cha bei ndogo kilichofungwa kwenye kijiti kimo cha mmea kitakusaidia kuliko programu yoyote.

Tuje kwenye mmea wenyewe. Maji yaliyo ndani ya seli yana sukari na chumvi, kwa hiyo yanachelewa kuganda. Barafu huanza nje, kwenye nafasi kati ya seli na seli. Ikishaanza inavuta maji kutoka ndani ya seli. Seli inasinyaa, ngozi yake inapasuka, na jua likitoka jani linakuwa kama mboga iliyochemshwa: jeusi, lenye majimaji, linaning'inia. Kiazi mviringo huungua majani joto la jani likifika kama nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri.

Kabichi, karoti na vitunguu saumu vinavumilia kuliko hapo, kwa sababu baridi ikija taratibu kwa wiki kadhaa vinajizoesha. Vinaongeza sukari kwenye seli, na seli zenyewe zinavumilia kukaukiwa. Jalidi inayowahi ni mbaya kwa kabichi hasa kwa sababu hiyo, inaikuta bado haijazoea. Kiazi chetu cha kawaida, iwe Asante, iwe Sagitta, hakina uwezo huo wa kujizoesha. Mtu akikuuzia mbegu akisema hii haiungui na jalidi, muulize ameiona wapi.

Lakini kiazi kina akiba nyingine, na hii ndiyo nataka uishike. Kinga yake haiko kwenye majani, iko chini ya udongo. Sehemu ya shina iliyofunikwa na tuta ina macho yaliyolala, na udongo unaozizunguka bado una joto la mchana. Majani yakifa, yale macho yanaamka. Kwa hiyo kazi yako kabla ya jalidi ni kulinda pale chini, na kazi yako baada ya jalidi ni kutokuwa na haraka.

Kabla ya jalidi, pandishia tuta vizuri na mapema. Mmea mdogo uliofukiwa mpaka karibu na majani ya juu una sehemu kubwa ya shina iliyo salama. Tuta nene pia linafunika viazi vilivyo juu juu, maana kiazi kikiganda ndani ya udongo kinaoza.

Kama una mashine ya maji, mwagilia udongo mchana wa siku ya hatari, au siku moja kabla. Udongo wenye unyevu unabeba joto nyingi kuliko udongo mkavu na unalitoa taratibu usiku. Hili wazee wa Andes walilijua zamani sana: karibu na ziwa Titicaca walilima viazi kwenye matuta mapana yaliyozungukwa na mifereji ya maji, na maji yale yalipunguza makali ya jalidi.

Hapa nitawashangaza wengine. Sisi maafisa ugani tunahubiri matandazo kila siku, na bado nayapenda. Ila kwa zao fupi bondeni msimu wa jalidi, nyasi kavu juu ya udongo zinazuia jua kuupasha udongo mchana, na usiku zinazuia joto kupanda kwenye majani. Juni, udongo ulio wazi, ulioshikana na wenye unyevu ni bora. Nyasi weka juu ya kitalu, jioni, kufunika miche, asubuhi uzitoe. Nailoni isiguse majani, pale inapogusa ndipo panapoungua. Inyanyue kwa fito.

Kuhusu wenye springla: maji yanapoganda hutoa joto, ndiyo siri yake. Lakini lazima uwashe kabla jani halijafika sifuri na usizime mpaka barafu iyeyuke asubuhi. Ukiishiwa mafuta saa kumi usiku, umeharibu kuliko ambaye hakuwasha. Kama huna uhakika na mafuta na maji ya kutosha, usianze.

Moshi wa matairi acheni. Moshi hauzuii joto kupotea, unaumiza vifua vya watoto tu. Kinachosaidia ni joto la moto wenyewe, na hapo vijimoto vingi vidogo vinashinda moto mmoja mkubwa. Kwa ekari nzima kuni zake zitakula faida, kwa hiyo mimi naona ni kwa kitalu tu.

Sasa imeshapiga. Asubuhi hiyo usimwage maji kwenye majani ukidhani unaosha jalidi. Barafu ikishapasua seli kazi imeisha. Hakikisha kwanza ni jalidi kweli na sio ukungu, ule ugonjwa wa bakajani. Jalidi inaunguza eneo zima kwa usiku mmoja, inaanzia majani ya juu na sehemu za chini za shamba, na mara nyingi hata magugu laini ya pembeni yameungua. Ukungu huanza kwa mabaka hapa na pale, unaenea siku hadi siku, na asubuhi ukigeuza jani utaona utando mweupe pembeni ya baka. Ukungu una dawa. Kupulizia dawa hiyo kwenye jalidi ni kutupa hela.

Subiri siku 7 hadi 10. Kisha chukua kisu, pasua mashina kadhaa kuanzia juu kushuka kwenye tuta. Ndani kukiwa na kijani au cheupe kigumu, pako hai. Kukiwa kahawia na majimaji, pamekufa.

Shamba la chini ya siku 35 mara nyingi litachipua, uvune umechelewa wiki mbili au tatu na kwa mavuno pungufu. Mpe maji ya kiasi, na mbolea ya kukuzia ingoje majani mapya, maana mmea usio na majani hauna pa kuipeleka urea. Shamba lililopita siku 80, chimba mashina kumi sehemu tofauti upime viazi. Vikiwa vya kuuzika, acha udongoni kama wiki mbili ngozi ikomae, kisha vuna. Gumu ni lile la kati, siku 45 hadi 65, viazi vikiwa kama gololi. Hapo piga hesabu ya maji, mafuta na vibarua mpaka mavuno mapya, uilinganishe na kulima njegere au kabichi pale pale. Ukiwa na mkopo wa kikundi, waambie wenzako wiki hiyo hiyo, kabla ya tarehe ya marejesho.

Wenye miche ya parachichi iliyoungua ncha: panga likae nyumbani. Usikate mpaka machipukizi mapya yaonyeshe mti umefia wapi. Shina lililobaki bila majani lipake chokaa jua lisilichome.

Ukiniandikia hapo chini, weka umri wa viazi kwa siku na picha ya shina lililopasuliwa. Picha ya jani jeusi hainisaidii kitu.