Upotevu wa gesi katika mafundo ya galaksi

Upotevu wa gesi katika mafundo ya galaksi ni mchakato ambao galaksi inayoingia katika fundo kubwa hunyang'anywa gesi yake, nayo gesi hiyo hutawanyika katika nafasi iliyopo kati ya galaksi. Kwa kuwa nyota mpya huzaliwa kutokana na gesi baridi, galaksi iliyopoteza gesi yake huacha kuzaa nyota. Nyota zilizokwisha kuwepo hubaki na kuzeeka bila kupata warithi.

Fundo la galaksi

Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, gesi, vumbi na maada giza unaoshikwa pamoja na graviti. Jua letu ni nyota mojawapo ya galaksi iitwayo Njia Nyeupe. Pale ambapo mamia au maelfu ya galaksi hushikwa na graviti ya pamoja, huitwa fundo la galaksi.

Fundo kubwa lililo karibu zaidi nasi liko upande wa kundinyota la Mashuke, kwa umbali wa miakanuru milioni 54 hivi, nalo lina galaksi zaidi ya 1,000. Mwishoni mwa Mei, kati ya saa tatu na saa nne usiku, mtu aliyepo Dar es Salaam huweza kuona nyota ya Sumbula, iliyo angavu kuliko zote za Mashuke, ikiwa karibu na utosi. Nyota hiyo huonekana hata juu ya taa za Kariakoo. Galaksi za fundo lenyewe ziko kaskazini zaidi, na hazionekani bila darubini.

Nafasi kati ya galaksi hizo si tupu. Imejaa gesi yenye halijoto ya nyuzi milioni 10 hadi 100. Gesi hii ni nyembamba mno: mara nyingi mita moja ya ujazo huwa na chembe elfu chache tu, ilhali hewa ya usawa wa bahari huwa na molekuli trilioni 25 mara trilioni moja. Hata hivyo, kwa sababu fundo ni pana sana, masi ya gesi hiyo kwa jumla huzidi masi ya nyota zote za fundo.

Uvumbuzi kutoka pwani ya Kenya

Gesi ya moto kiasi hicho hutoa eksirei, na eksirei kutoka angani huzuiwa na angahewa ya Dunia. Ili kuzipima ilibidi vifaa vipelekwe juu ya angahewa.

Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Italia lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, na kwa sababu hiyo satelaiti ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Utafiti wake uliongozwa na Riccardo Giacconi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Uhuru ilionyesha kwamba mafundo makubwa ya galaksi hung'aa kwa eksirei, na kwamba eksirei hizo hutoka katika eneo pana, wala si katika nukta moja.

Satelaiti ya Uingereza iitwayo Ariel V ilirushwa kutoka jukwaa hilohilo tarehe 15 Oktoba 1974. Mwaka 1976 vipimo vyake vilionyesha alama ya chuma katika gesi ya fundo lililo upande wa kundinyota la Farisi. Chuma hutengenezwa na nyota na kutawanywa zinapolipuka. Kwa hiyo sehemu ya gesi ya fundo iliwahi kuwa ndani ya galaksi, kisha ikatoka.

Shinikizo la upepo

Mwaka 1972 wanaastronomia James Gunn na Richard Gott walieleza jinsi gesi hiyo ya moto inavyoweza kuivua galaksi gesi yake. Abiria wa bodaboda anayepita Mtaa wa Msimbazi husikia upepo usoni hata kama hewa imetulia, kwa sababu ni yeye anayekwenda. Vivyo hivyo galaksi inayopita ndani ya fundo kwa kasi ya kilomita 1,000 kwa sekunde au zaidi hukutana na upepo mkali.

Nguvu ya shinikizo hilo hutegemea densiti ya gesi ya fundo pamoja na mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, shinikizo huongezeka mara nne. Kinachoizuia gesi ya galaksi isiondoke ni graviti ya galaksi yenyewe. Pale shinikizo linapoishinda graviti, gesi hutoka. Gesi ya pembezoni hutangulia, kwa kuwa huko graviti ni dhaifu.

Nyota haziondolewi. Ni kama kupepeta mpunga kwenye upepo: makapi hupeperuka, punje hubaki.

Mfano maarufu ni galaksi ESO 137-001, iliyo umbali wa miakanuru milioni 220 hivi. Nyuma yake umenyooka mkia mrefu wa gesi, na ndani ya mkia huo baadhi ya gesi imepoa na kuzaa nyota mpya nje ya galaksi. Galaksi za aina hiyo hufananishwa na konyeza, mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi ndefu.

Njia nyingine

Galaksi mbili zikipitana karibu, graviti ya kila moja huweza kuvuta gesi na hata nyota za mwenzake. Vilevile fundo huweza kuondoa gesi inayoizunguka galaksi kwa mbali, ambayo ndiyo akiba yake. Hapo galaksi huendelea kuzaa nyota kwa muda, mpaka gesi iliyobaki ndani inapokwisha.

Matokeo

Nyota kubwa za buluu huishi muda mfupi. Zisipozaliwa nyingine, galaksi hubaki na nyota ndogo zinazodumu, na rangi yake huelekea wekundu. Ndiyo sababu mojawapo ya galaksi nyekundu zisizo na gesi nyingi kuwa za kawaida katikati ya mafundo, wakati galaksi za buluu zenye mikono ya parafujo hupatikana zaidi nje yake. Njia Nyeupe haimo katika fundo kubwa la namna hiyo, nayo ingali inazaa nyota.