Je, Mashine Yaweza Kuiona Sonona?

Aliye na homa tunampima damu, na aliyevunjika mfupa tunampiga eksirei. Je, mwenye sonona tumpime kwa nini? Siku hizi wako wanaosema kwamba mashine ya kupima mawimbi ya ubongo hutoa jibu. Tuangalie ukweli ulivyo.

Kipimo chenyewe

Mtaalamu hubandika visahani vidogo vya metali juu ya ngozi ya kichwa. Visahani hivyo hupokea umeme hafifu unaotoka katika ubongo, na mashine huuchora kama mistari ya mawimbi. Hakiumi, wala hakiingizi umeme mwilini. Aliyekuwa wa kwanza kurekodi mawimbi hayo kwa binadamu ni Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Kipimo hiki kimewasaidia sana wenye kifafa.

Sonona je?

Mwaka 1991, Jeffrey Henriques na Richard Davidson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walitoa matokeo ya kuvutia. Yako mawimbi yaitwayo alfa, yenye mapigo 8 hadi 13 kwa sekunde, ambayo huongezeka pale ubongo unapotulia. Kwa wenye sonona, mawimbi hayo yalizidi upande wa kushoto wa mbele, kana kwamba sehemu hiyo imepunguza kazi. Wengi walitumaini kwamba kipimo cha sonona kimepatikana.

Lakini mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walizijumlisha tafiti nyingi, wakakuta tofauti hiyo ni ndogo mno. Wagonjwa wengi hawana alama hiyo, na wazima wengi wanayo. Kwa hiyo haitoshi kumtambua mgonjwa. Utafiti unaendelea, hasa kujua kama mawimbi yaweza kuonyesha dawa itakayomfaa mtu.

Tufanye nini?

Hadi leo sonona hutambuliwa kwa mazungumzo. Mhudumu wa afya huuliza kama kwa wiki 2 au zaidi mtu amekuwa na huzuni nzito au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Huuliza pia juu ya usingizi, chakula, uchovu, kujiona hafai na mawazo ya kufa. Huenda akapima damu, maana upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kuleta dalili zinazofanana.

Basi, usiuze mbuzi wako kulipia kipimo cha mawimbi kwa kuahidiwa jibu la sonona. Na mgonjwa akipimwa, mistari ikaonekana ya kawaida, asiambiwe kwamba anadeka au anasingizia. Ugonjwa wake ni wa kweli, na unatibika kwa ushauri, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Berger mwenyewe, aliyetufungulia njia ya kuyaona mawimbi hayo, aliugua sonona, na mwaka 1941 alijitoa uhai. Mashine yake haikuweza kusema alichokuwa nacho moyoni. Mwenzako akikuambia amechoka kuishi, usimkemee wala usimwache peke yake. Msikilize, kisha mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.