Shingo Inayouma Wakati wa Kujisomea
Kichwa chako kina uzito wa kilo 5 hivi, na kinabebwa na pingili 7 za shingo. Mama wa Nyegezi aliyejitwika ndoo hunyoosha shingo wima, uzito ukashukia uti wa mgongo. Wewe uliyeinamia daftari kitandani umesogeza mzigo mbele ya egemeo, kwa hiyo misuli ya kisogoni huvuta bila kupumzika. Ni wenzo uleule wa Fizikia! Egemeza daftari juu ya vitabu, na usimame kila nusu saa. Ikishakaza, ikande kwa maji ya vuguvugu; usiizungushe kwa nguvu mpaka ilie. Lakini shingo ngumu yenye homa na kichwa kuuma sana si uchovu wa kusoma. Huenda ni homa ya uti wa mgongo: wahi hospitali siku hiyohiyo, hata kama kesho ni mtihani.