Heaven's Gate: Studio Iliyoshindwa Kusema Hapana

Aprili 9, 1979, Michael Cimino alipanda jukwaani mjini Los Angeles kupokea Tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora. Filamu yake, The Deer Hunter, inayowahusu wafanyakazi wa kiwanda cha chuma waliopelekwa vitani Vietnam, ilizoa tuzo tano usiku huo, ikiwemo ile ya filamu bora ya mwaka. Wiki moja baadaye, Aprili 16, alikuwa Montana, jimbo linalopakana na Kanada, akianza kurekodi filamu yake iliyofuata. Zilipotimia siku sita za kazi, ratiba ilikuwa imeshachelewa siku tano.

Filamu hiyo ni Heaven's Gate. Inasimulia vita vya Johnson County vya mwaka 1892 katika jimbo la Wyoming, ambapo matajiri wa mifugo walikodi watu wenye bunduki kuwaandama walowezi wadogo waliowatuhumu kwa wizi wa ng'ombe. Bajeti ya awali ilikuwa dola milioni 7.5. Kazi ilipoidhinishwa, ilikuwa imefika milioni 11.6. Hesabu ya mwisho ilisimama kwenye milioni 44 hivi, na mauzo ya tiketi Marekani hayakuzidi sana milioni 3.5. Miezi michache baada ya filamu kutoka, studio iliyoigharimia, United Artists, ilipigwa bei.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya kiburi cha mtu mmoja. Kiburi kilikuwepo, hakuna ubishi. Lakini anayefahamu jinsi fedha za filamu zinavyotoka na kusimamiwa ataona jambo zito zaidi: kila breki ambayo ingeweza kumzuia Cimino iliondolewa na wenye fedha wenyewe, na nyingi ziliondolewa kabla kamera haijawashwa.

United Artists iliundwa mwaka 1919 na watu wanne wa filamu: Charlie Chaplin, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D.W. Griffith. Sifa yake ilikuwa kuwaachia wasanii nafasi ya kufanya kazi. Kufikia miaka ya 1970 ilimilikiwa na Transamerica, kampuni kubwa ya bima na huduma za fedha ya San Francisco. Januari 1978, wakuu wa studio wakiongozwa na Arthur Krim walichoshwa na wamiliki hao, wakajiuzulu kwa pamoja na kuanzisha kampuni yao, Orion. Waliondoka na uzoefu wa miongo, na pia heshima ambayo waongozaji wakubwa walikuwa wamezoea kuwapa.

Uongozi mpya chini ya Andy Albeck, huku Steven Bach na David Field wakishika idara ya utayarishaji, ulikuwa na haja ya kuonyesha kwamba studio bado ina nguvu. Cimino alikuwa jina kubwa, na jina ndilo walilolitafuta. Alipomtaka mwigizaji Isabelle Huppert wa Ufaransa kwa nafasi ya mhusika mkuu wa kike, wakuu walipinga, wakabishana naye, kisha wakakubali. Mwongozaji akajifunza mapema kwamba akikaza, wenye fedha watalegea.

Kosa lililokuwa zito kuliko yote liliandikwa kwenye mkataba. Studio ilitaka filamu iwe tayari kwa Krismasi ya 1979. Upande wa Cimino ukajibu kwamba kama haraka ni ya studio, basi gharama zitakazozidi bajeti kwa ajili ya kuiwahi tarehe hiyo zisihesabiwe dhidi ya mwongozaji. Studio ikaridhia. Kwa kawaida mwongozaji anayepitisha bajeti hukatwa sehemu ya malipo au mgawo wake wa faida, na adhabu hiyo humfanya afikiri mara mbili. Baada ya kifungu hicho, Cimino hakuwa na cha kupoteza.

Msomaji asiyeifahamu kazi hii anaweza kujiuliza fedha zinapotelea wapi. Jibu liko kwenye muda. Eneo la kurekodia lina mamia ya watu: waigizaji, waigizaji wa ziada, mafundi wa taa na sauti, washonaji, wapishi, madereva, watunza farasi. Wote wanalala hotelini, wanakula na kulipwa kwa siku, iwe siku hiyo imepatikana dakika tatu za filamu au haikupatikana hata moja. Heaven's Gate ilikuwa ikimeza takriban dola 200,000 kwa siku.

Cimino naye hakuwa na haraka. Alirudia matukio mara 20, mara 30, wakati mwingine zaidi. Tukio fupi ambalo mwigizaji mkuu, Kris Kristofferson, anachapa mjeledi hewani lilirudiwa zaidi ya mara 50. Mpigapicha mkuu, Vilmos Zsigmond, alisubiri mwanga uwe vile mwongozaji anavyoutaka, na kikosi kizima kikasubiri pamoja naye. Mwishowe zilitumika futi milioni 1.3 za mkanda, sawa na karibu kilomita 400, zenye picha za saa 220 hivi. Filamu iliyoonyeshwa New York ilikuwa na dakika 219. Kwa kila dakika moja iliyomfikia mtazamaji, takriban dakika 60 zilibaki kabatini.

Tukio moja linaeleza mengi. Kikosi cha ujenzi kilikuwa kimesimamisha mtaa mzima wa mji wa Sweetwater, wenye majengo pande zote mbili. Cimino alipoutazama aliona njia ni nyembamba, akataka iongezwe futi sita. Msimamizi wa ujenzi akashauri kwamba upande mmoja ubomolewe na kusogezwa futi sita nyuma, upande wa pili uachwe ulivyo. Cimino akakataa. Alitaka pande zote mbili zibomolewe, kila mmoja urudi nyuma futi tatu. Matokeo mbele ya kamera yangekuwa njia yenye upana uleule, kwa gharama ya kazi mara mbili. Pande zote mbili zikabomolewa.

Kwenye uwanja wa vita hali ilikuwa hiyohiyo. Mabomba ya kumwagilia yalitandazwa ardhini ili nyasi ziwe kijani kibichi, ndipo damu ionekane vizuri juu yake. Farasi waliumia na wengine kufa, na malalamiko ya watetezi wa wanyama yalichangia kupatikana kwa makubaliano yaliyowapa wakaguzi nafasi ya kusimamia usalama wa wanyama kwenye filamu za Marekani. Hakuna mkanda mzuri unaohalalisha mateso hayo, na ni haki kwamba jambo hili hutajwa kila filamu hii inapojadiliwa.

Je, wakuu wa studio walikuwa wapi? Walikuwepo, na taarifa walikuwa nazo. Kila utayarishaji mkubwa huandikiwa ripoti ya siku: matukio yaliyorekodiwa, kurasa za mswada zilizokamilika, mkanda uliotumika. Kila wiki kuna ripoti ya gharama, na safu yake muhimu kuliko zote ni ile inayokadiria kiasi kitakachohitajika hadi kumaliza. Ripoti za Montana zilionyesha wazi kwamba kasi ile haiwezi kumaliza filamu ndani ya bajeti, wala mara mbili ya bajeti.

Lakini Bach na Field walipokwenda kuona picha zilizokwisha kurekodiwa, walirudi wamesisimka. Picha zilikuwa nzuri ajabu: milima, vumbi la dhahabu, umati wa wahamiaji, treni za kale. Uzuri huo ukawafunga midomo. Halafu ikaja hesabu inayowanasa wenye mitaji wengi. Ukishatumia milioni 15, kusimamisha kazi ni kuzitupa zote. Kuongeza 5 kunaonekana nafuu. Ukifika 20, mantiki ni ileile, na safari hii inauma zaidi. Studio ilifikiria kumfukuza Cimino, ikamtafuta hata mwongozaji mwingine wa kuimalizia kazi, Norman Jewison, naye akakataa. Walipokuja kumbana na kumwekea masharti ya maandishi, Cimino aliongeza kasi kweli. Alichohitaji ni mtu wa kumsimamia, na mtu huyo alichelewa kufika.

Krismasi ya 1979 ikapita, pamoja na tarehe iliyokuwa sababu ya kifungu kile cha mkataba. Mwanzo wa filamu, unaoonyesha mahafali ya chuo kikuu cha Harvard, ulirekodiwa Oxford, Uingereza, mwaka 1980. Juni mwaka huo Cimino aliwaonyesha wakuu toleo la saa tano na dakika 25, akidokeza kwamba huenda angeweza kupunguza dakika 15 hivi. Novemba ikatoka ile ya dakika 219. Mhakiki wa New York Times, Vincent Canby, aliiponda bila huruma, na ndani ya siku chache filamu ikaondolewa kwenye majumba ya sinema ili ihaririwe upya. Toleo fupi la dakika 149 lilirudi Aprili 1981, watazamaji wakalipuuza.

Kwa Transamerica hasara hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuwaangusha. Kilichowakera ni aibu. Mwaka huohuo wa 1981 waliiuza United Artists kwa MGM kwa dola milioni 380 hivi, na studio ya Chaplin na wenzake ikakoma kuwa kampuni inayojitegemea.

Kuna watakaosema kwamba ndoto kubwa lazima zigharimu, na kwamba bila ukaidi hakuna kazi bora. Wana hoja. Studio hiyohiyo ilikuwa imeingiza fedha kwenye Apocalypse Now ya Francis Ford Coppola, iliyorekodiwa Ufilipino kuanzia Machi 1976. Kimbunga kiliharibu seti, mwigizaji mkuu Martin Sheen akapata mshtuko wa moyo, na bajeti ya milioni 12 hivi ikapita milioni 30. Ilishinda tuzo ya juu ya tamasha la Cannes mwaka 1979 na kurudisha fedha zake. Tofauti ni kwamba Coppola aliweka rehani mali zake mwenyewe kufidia ziada. Kila siku aliyochelewa, ni nyumba yake iliyokuwa hatarini.

Hata hivyo, kubeba hatari mwenyewe hakutoshi. Coppola huyohuyo aliponunua studio yake na kuamua kuijenga Las Vegas ndani ya majengo yake kwa ajili ya One from the Heart ya 1982, hakukuwa na mtu juu yake. Filamu iligharimu milioni 26 hivi, mauzo Marekani hayakufika milioni moja, na studio ikauzwa kwa madeni.

Kinga iliyokuwepo tangu zamani ni dhamana ya ukamilishaji. Kampuni ya Film Finances ilianza kuiuza London mwaka 1950. Mdhamini husoma mswada, huikagua ratiba mstari kwa mstari, huwahoji mwongozaji na mtayarishaji, kisha huwaahidi wakopeshaji kwamba filamu itamalizika. Gharama zikizidi, yeye ndiye hulipa, na kwa sababu hiyo mkataba humpa mamlaka ya kuingia na kuongoza kazi, hata kumbadilisha mwongozaji. Mamlaka hayo hutumika kwa nadra. Kule kujulikana kwamba yapo kunatosha kuwakalisha watu wazima mezani wakahesabu.

Miongoni mwa filamu za mwanzo zilizopata dhamana hiyo ni The African Queen ya John Huston, iliyorekodiwa mwaka 1951 katika mto Ruiki, si mbali na Kisangani ya leo, na baadaye Uganda, kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Huston hakuwa mtu mtulivu: alipenda kuwinda kuliko kukaa kwenye seti. Watu waliugua matumbo, mwigizaji Katharine Hepburn akiwemo, na boti yenyewe ilizama ikabidi ivutwe juu. Filamu ilimalizika, mwigizaji mwenzake Humphrey Bogart akapata Oscar, na mapato yake Marekani yalisaidia kuinusuru kampuni ya usambazaji iliyokuwa taabani wakati huo. Kampuni hiyo ilikuwa United Artists. Miaka 28 baadaye, ikiwa imekuwa studio kubwa inayojidhamini yenyewe, haikuwa na mtu wa nje wa kuisomea ratiba ya Cimino na kuuliza maswali magumu.

Heaven's Gate yenyewe imepata heshima yake kwa kuchelewa. Toleo lililorekebishwa lilionyeshwa kwenye tamasha la Venice mwaka 2012, Cimino akiwepo, na leo wapo wahakiki wanaoihesabu miongoni mwa filamu kubwa za Marekani. Wanaoitazama bila kuifikiria hasara yake wanaona kipaji halisi, na kipaji hicho ndicho kilichostahili kulindwa. Baada ya 1980 Cimino aliongoza filamu ndefu nne tu. Katika mojawapo, The Sicilian ya 1987, ugomvi juu ya urefu wa filamu uliishia mahakamani, na lililofika kwenye majumba ya sinema Marekani ni toleo lililofupishwa na watayarishaji. Waongozaji wengine nao walilipia deni lisilo lao: studio zilizokuwa zimewapa uhuru mpana katika miaka ya 1970 zilianza kurudisha kwenye mikataba vile vifungu ambavyo United Artists ilikubali kuviondoa.