Mfu Naye Ana Ushahidi Wake

Mtu akifa ghafula kijijini, maneno huanza kabla kaburi halijachimbwa. Huyu ananong'ona: "Juzi waligombana na shangazi yake kwa ajili ya mpaka wa shamba." Yule anaitikia: "Mimi nilijua tu." Mwisho mmoja husema: "Twende kwa mpiga ramli." Tangu hapo bibi mzee, ambaye macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni, hana usalama tena.

Wapenzi wa hadithi za upelelezi wanamjua Bwana Msa katika kitabu "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58. Maiti ilikutwa penye mzimu. Wengine waliuogopa mzimu, lakini Bwana Msa alimtafuta mwuaji. Katika hadithi nyingi za Ulaya na Marekani mpelelezi ni mganga anayechunguza maiti. Kazi hiyo si ya hadithini tu, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunao mfano wetu pale Kalenga, karibu na mji wa Iringa.

Mwaka 1898 Mtwa Mkwawa alijipiga risasi ili asishikwe na Wajerumani. Wakamkata kichwa, nacho kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe, lakini miaka mingi ikapita. Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda Bremen, akakuta mafuvu mengi katika jumba la makumbusho. Je, la Mkwawa ni lipi? Hakuna aliyepiga ramli. Vipimo vya vichwa vya watu wa ukoo wake vililinganishwa na mafuvu yale. Likapatikana moja lenye kipimo cha kufanana, tena lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi, pale Kalenga.

Je, ni lake hakika? Wako wataalamu wanaotia shaka, maana watu wengi huweza kuwa na vichwa vya kipimo kimoja. Hapo ndipo penye fundisho. Mfupa ulisema kiasi chake, haukuzidisha.

Mganga mwaminifu naye hufanya vivyo hivyo. Hutazama majeraha, moyo, mapafu na tumbo. Akishuku sumu, sehemu ya mwili hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi hata Mbeya. Kisha huandika alichokiona: ugonjwa wa moyo, au sumu, au kipigo. Pengine huandika kwamba sababu haikujulikana. Mpiga ramli hakubali kamwe kwamba hajui. Yeye ana jina tayari, na jina lenyewe ni la jirani yako. Ndiyo maana Sheria ya Uchawi, tangu mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi.

Wazee wengine huuliza: "Si dhambi kumpasua marehemu?" Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 imejibu: yaruhusiwa kuichunguza maiti kwa ajili ya sheria au elimu. Tena yafundisha kwamba miili ya wafu itendewe kwa heshima na mapendo, kwa tumaini la ufufuko.

Basi, ninyi wazazi, kifo cha mashaka kikitokea, msiioshe maiti wala kuharakisha mazishi. Mpasheni habari mwenyekiti wa kijiji, naye awaite polisi. Chakula kilichobaki, chupa au dawa iliyo karibu, viacheni mahali pake. Ninyi vijana, msichukue fimbo. Salini pamoja na wafiwa, mkangoje.

Kumngoja mganga na wageni wamejaa uani ni taabu, najua. Lakini usiku ule yule bibi mwenye macho mekundu atalala nyumbani mwake salama, na asubuhi atakoka moto wake kama siku zote.