Karatasi ya homoni: tuisome mbele ya kulaumu bibi

Mu makare ya dhahabu, kutoka Namoya na Salamabila mpaka Lusangi, mtu anaitwa kwa jina la mtoto wake: Baba fulani, Mama fulani. Mwanamke asiyezaa hana hilo jina. Mwaka wa kwanza wa ndoa watu wananyamaza. Mwaka wa pili mashemeji wanaanza kusema. Mwaka wa tatu kuna baraza ya familia, na mara nyingi hukumu imekwisha kukatwa: bibi ni tasa, arudi kwao, na mali ya ndoa irudishwe.

Sisi wa sindika tunaona watu hawa wanakuja na bahasha yao. Wameuza dhahabu, wamepanda pikipiki mpaka Kasongo, wengine wamefika Kindu ao mbali zaidi. Mu bahasha mna karatasi za labo: FSH, LH, prolaktini, testosteroni. Mna na picha ya ekografi, chini imeandikwa kwa Kifaransa kwamba ovari ziko na vijifuko vingi. Hakuna aliyewaelezea. Bwana anaona neno lile na anafikiri ndiyo mwisho. Hapana, si mwisho. Leo tuseme wazi karatasi ile inasema nini, juu wengi wanalipa bure, na ndoa nyingi zinavunjika juu ya karatasi isiyosomwa vizuri.

Kwanza tuhesabu miezi vizuri

Waganga wanasema kuna shida ya uzazi kama bwana na bibi wamelala pamoja miezi 12 bila kinga, na mimba haikuja. Kama bibi amepita miaka 35, wanangoja miezi 6 tu. Na kama siku za mwezi haziji vizuri, hakuna haja ya kungoja mwaka, aende mapema.

Lakini mchimbaji aangalie hesabu yake. Bwana anayeshinda wiki nane mu shimo na kurudi nyumbani siku nne hawezi kusema ametafuta mtoto mwaka mzima. Yai la mwanamke linaishi karibu siku moja tu kisha kutoka. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi mu tumbo la mama siku tatu mpaka tano. Ni kusema, siku za kushika mimba ni chache kila mwezi, zile siku sita hivi zinazoishia siku ya yai. Kama bwana hayupo zile siku, hakuna labo itakayomsaidia.

Hatuko peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mu 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani anakutana na shida hii mu maisha yake. Si laana ya ukoo fulani, si ulozi wa jirani.

Ovari zenye vijifuko ni nini?

Kila mwezi, vijifuko vingi vidogo vinaanza kukua mu ovari, kila kimoja na yai lake. Kwa kawaida kimoja kinapita vingine, kinakomaa, kinapasuka, na yai linatoka. Kwa mwanamke mwenye ugonjwa huu, homoni haziko sawa: vijifuko vinaanza kukua, kisha vinasimama njiani. Hakuna kinachokomaa, yai halitoki, na siku za mwezi zinachelewa. Vile vidogo vyote vinabaki pale, na ndivyo mashine ya ekografi inaona. Si uvimbe wa kukata. Si kansa. Ni mayai yaliyosimama njiani.

Waganga wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika juu ya ugonjwa huu mu 1935. Leo Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, 10 mpaka 13 wako nao, na wengi hawajui.

Muganga hawezi kusema mama ana ugonjwa huu kwa kuangalia picha moja tu. Anatafuta alama tatu, na lazima mbili zipatikane. Ya kwanza: siku za mwezi zinachelewa kupita siku 35, ao zinakuja mara chini ya 8 kwa mwaka. Ya pili: homoni za kiume zimepanda, na inaonekana kwa ndevu kidevuni, nywele za kifuani, chunusi nyingi, ao kwa karatasi ya testosteroni. Ya tatu: ekografi inaonyesha vijifuko vingi, ao ovari kubwa. Mwenye vijifuko peke yake, na siku zake zinakuja vizuri kila mwezi, huyo hana ugonjwa. Wasimtishe. Na kwa wasichana wadogo ekografi haihesabiwe, juu mu miaka ya kwanza kisha kuvunja ungo vijifuko vingi ni kawaida.

Kila kipimo kina siku yake

Hapa ndipo feza nyingi za wachimbaji zinapotea. Damu ya homoni haipimwi siku yoyote. Siku ya 1 ni siku damu ya mwezi inaanza kutoka vizuri. Tuandike tarehe ile mu kaye.

FSH, LH na estradioli zinapimwa kati ya siku ya 2 na ya 5. FSH ikiwa juu sana, inaweza kuonyesha kwamba akiba ya mayai inakwisha. Zamani waganga waliangalia sana kama LH imezidi FSH mara mbili ao tatu. Leo hawaamui ugonjwa kwa hesabu ile.

Prolaktini ni homoni ya maziwa. Ikiwa juu, inaweza kuzuia yai kutoka. Lakini hofu, mbio, kunyonyesha na dawa fulani zinaipandisha. Mama apimwe asubuhi, kisha kupumzika. Ikitoka juu kidogo, irudiwe mbele ya kuanza dawa.

TSH inaonyesha kazi ya tezi ya shingoni. Tezi ikilegea, siku za mwezi zinaharibika, na mtu anaweza kufikiri ni ovari.

Testosteroni inasaidia kujua ile alama ya pili. Mama anayetumia vidonge ao sindano ya kupanga uzazi amwambie muganga, juu zile dawa zinabadilisha majibu.

AMH inaweza kupimwa siku yoyote. Kwa mwenye vijifuko vingi inatoka juu. Tangu 2023, waganga wanakubali itumiwe mahali pa ekografi kwa wanawake wakubwa. Basi mwenye feza ya kimoja asilazimishwe kulipa vyote viwili.

Projesteroni inajibu swali moja: mwezi huu yai lilitoka? Ikipita nanogramu 3 kwa mililita, yai lilitoka. Inapimwa karibu siku 7 mbele ya damu ingine kuanza. Kwa mama mwenye mzunguko wa siku 28 ni siku ya 21. Tuchukue mfano wa mama mwenye mzunguko wa siku 42. Akipimwa siku ya 21, karatasi itaandika «chini», na watamwambia hatoi yai. Kumbe siku yake ilikuwa ya 35. Amelipa, na amebeba huzuni isiyokuwa yake.

Kwa hiyo, karatasi isiyoandikwa siku ya mzunguko ni karatasi ya nusu. Muulize muganga: hiki kipimo ni cha siku gani, na jibu lake litabadilisha nini mu matunzo? Kama halibadilishi kitu, mbaki na feza yenu.

Na bwana je?

Hii ndiyo maneno ambayo wanaume wenzetu hawapendi. Kipimo cha mbegu za mwanaume hakihitaji sindano wala mashine kubwa. Darubini nzuri na mtu wa labo anayejua kazi vinatosha. Bwana akae siku 2 mpaka 7 bila kutoa mbegu, kisha apimwe. Ikitoka mbaya, inarudiwa, juu homa kali ya wiki zilizopita inaweza kuishusha. Mbele ya kumtuma bibi mbali kwa homoni, bwana apimwe kwanza. Mara nyingi shida iko kwa mwanaume, ao kwa wote wawili.

Tena tukumbuke historia yetu. Uchunguzi uliofanywa mu Kongo ya Wabelgiji kati ya 1955 na 1957 ulionyesha Maniema kati ya sehemu ambamo wanawake wengi walikosa watoto. Wachunguzi waliona mkono wa magonjwa ya zinaa, zaidi kisonono. Ugonjwa ule unaziba mirija ambamo yai linapita. Homoni zinaweza kuwa sawa kabisa, na mirija imezibwa. Mu makare, ambamo wanaume wanakaa mbali na nyumba, hatari ile ingali iko. Mwenye maumivu ya kukojoa ao usaha atunzwe haraka, na mwenzake pia, siku moja.

Dawa ziko

Kama mama ni mnene, kupunguza sehemu 5 mpaka 10 kwa 100 ya uzito kunaweza kurudisha yai. Lakini wako wembamba wenye ugonjwa huu. Hao wasiambiwe wafunge kula. Dawa ya kwanza leo ya kutoa yai ni letrozoli, vidonge vya siku 5 mwanzo wa mzunguko. Clomid nayo inajulikana zamani. Metformini, dawa ya kisukari, inasaidia wengine. Zote zitoke kwa muganga. Tunaziona zinauzwa sokoni kama karanga: mama anameza Clomid mwezi kwa mwezi bila kufuatwa, na bwana hajapimwa. Inaweza kuleta mapacha, ao ovari kuvimba, na kama mirija imezibwa haileti kitu.

Hata asiyetaka mtoto sasa, asikubali kukaa zaidi ya miezi mitatu bila damu na bila kuonana na muganga. Ngozi ya ndani ya kizazi inanenepa, na kansa inaweza kuingia kisha miaka. Sukari ya damu ipimwe pia. Na mimba ikija, mama afuatwe mapema, juu sukari na presha vinapanda kwa urahisi kwa wenye ugonjwa huu.

Jambo moja la kazi yetu: zebaki. Hatusemi ndiyo inaleta vijifuko. Lakini moshi wake unaingia mu damu ya mama na kufika kwa mtoto tumboni, unaharibu ubongo wake. Anayetafuta mimba asichome dhahabu, na hakuna mtu aichome mu jiko la nyumba.

Haki iko wapi?

Kodi ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri kutunza mfanyakazi na familia yake wakati wa ugonjwa. Hii ni ugonjwa. Wajumbe wa sindika mu kampuni waulize kwamba vipimo hivi na usafiri wake vihesabiwe, wasikubali jibu la «hiyo ni mambo ya nyumbani». Wachimbaji wa mkono hawana mwajiri, lakini wako na kooperative. Zifungue likelemba ya matunzo, sawa vile tunachanga kwa matanga. Tunajua kuchanga kwa kuzika. Tuchange na kwa kuzaa.

Mwenye kuanza leo, afanye hivi: kaye ya tarehe za damu, miezi mitatu. Waende wawili mu santé ya karibu, wapimwe magonjwa ya zinaa. Kisha mbegu za bwana. Kisha hopitali kubwa, Lusangi, Kabambare ao Kasongo, na kaye mkononi, juu muganga akiuliza siku ya mzunguko, jibu liwe pale. Baraza ya familia ingoje mpaka karatasi zote mbili ziko mezani, ya bibi na ya bwana.